Pole na Kazi

Ukimkuta mtu analima, anaosha vyombo au ameinamia karatasi zake mezani, unamsalimia kwa kumpa pole. "Pole na kazi." Naye anajibu "asante" au "nimeshapoa", na mambo mengine yanaendelea. Tumeisema salamu hii tangu utoto bila kuitafakari. Ukikaa nayo kidogo unaona imebeba dhana nzito: kwamba kazi ni jambo la kupewa pole, kama homa, kama msiba, kama safari ndefu ya basi. Hatumpi pole mtu anayecheza mpira, wala anayekula pilau harusini.

Wapo wazee ambao kwao aliyetoka shambani hupewa hongera. Na yuko mtu mmoja ambaye karibu sote tunampa vyote viwili kwa pumzi moja: mama aliyejifungua. "Pole na hongera," tunamwambia, na hakuna anayeona kwamba maneno hayo yanapingana.

Mpendwa msomaji, sisi tunaoandika haya ni mafrateri wa teolojia tuliorudi seminarini kutoka mwaka wa kichungaji. Tulipangwa katika parokia mbalimbali, za mjini na za vijijini, wengine kwenye maeneo ya mashamba ya chai, wengine jirani na stendi za mabasi. Tuliporudi, mazungumzo yetu ya baada ya chakula cha jioni yaliangukia mara kwa mara kwenye swali ambalo mmoja wetu aliulizwa na kijana wa VIWAWA, baada ya Njia ya Msalaba ya Ijumaa: "Frateri, ni dhambi kuichukia kazi yangu?"

Si swali dogo. Kijana huyo anapakia na kupakua mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Na VIWAWA, kama jina lenyewe linavyosema, ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Kusema unaichukia kazi ndani ya chama hicho kunahitaji moyo. Mwenzetu hakumjibu papo hapo. Alimwambia, "Nipe muda, na siku moja nionyeshe unapofanyia kazi." Baada ya hapo swali likawa letu sote, na kila mmoja akaanza kukumbuka watu aliokutana nao parokiani na walichosema kuhusu kazi zao.

Wa kwanza kutajwa alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, ambaye hushona sare za WAWATA. Alimwambia mwenzetu kwamba ana shida wakati wa Misa. Padre akianza mahubiri, macho yake yanahama altareni na kutua kwenye mabega ya akina mama wa benchi la mbele, anakagua mikono ya magauni ilivyokaa. "Nikiona kola imelala vizuri, Frateri, moyo unasema amina kabla Baba Padre hajamaliza." Aliuliza kama ni jambo la kuungama. Tulicheka sana tuliposimuliwa, lakini baadaye tulimwonea wivu kidogo. Ni wangapi kati yetu wanaokutana na kazi ya mikono yao Jumapili, imevaliwa, inaimba, inapokea Komunyo?

Yupo pia mzee mwashi aliyejenga mnara wa kengele wa kigango chake, ambaye akienda dukani hupita njia ndefu makusudi ili auone. Na muuguzi wa zahanati anayesema hakuna kinachompa raha kama mtoto anayezaliwa usiku salama, na hakuna kinachomchosha kama madaftari anayotakiwa kuyajaza kulipokucha. Kazi ile ile, mtu yule yule.

Lakini aliyetufundisha zaidi alikuwa dereva wa bodaboda. Pikipiki si yake. Kila siku anatakiwa kumpelekea tajiri hesabu ya shilingi 10,000, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wapatikane wasipatikane. Mwenzetu alimuuliza kama anaipenda kazi yake, akajibu: "Asubuhi naendesha hesabu. Hesabu ikishatimia, kama saa nane mchana hivi, hapo ndiyo naanza kuendesha pikipiki." Asubuhi anapita kwenye mashimo kwa hasira na anawakatalia bibi wenye mizigo. Mchana anapunguza mwendo, anasalimia watu, anamchukua mtoto wa shule bure. Barabara haijabadilika wala jua halijapungua. Kilichobadilika ni nani anayenufaika na jasho lake, na katika siku hiyo moja mtu anakuwa watu wawili.

Kule kwenye chai hali ni ngumu zaidi. Mchumaji huingia shambani alfajiri amejifunga plastiki kiunoni, maana umande hulowesha nguo kabla hata jua halijatoka. Anachuma majani mawili na kichipukizi chake, anatupa kikapuni mgongoni, maelfu ya mara kwa siku, na analipwa kwa kilo. Mama mmoja aliulizwa kama hupata furaha katika kazi hiyo. Alimtazama mwenzetu kwa muda, kisha akasema: "Furaha? Mwanangu Frateri, mimi nafurahi mizani isipodanganya." Akaendelea kuchuma.

Tuliposimuliwa jibu hilo palikuwa kimya mezani. Maana sisi tumefundishwa, na tutafundisha, kwamba kazi ni baraka.

Na ni kweli. Kitabu cha Mwanzo kinamweka mtu bustanini ailime na kuitunza katika sura ya 2. Dhambi inaingia katika sura ya 3, na ndipo jasho na miiba vinapotajwa. Kazi ilikuwapo kabla ya kosa. Walimu wetu wa Maandiko hulisisitiza hili, na wana haki. Ila tunajiuliza ni Mkristo gani wa kawaida anayelikumbuka hivyo. Ukiwauliza waamini wengi baada ya Misa, watakuambia kazi ni adhabu aliyopewa Adamu. Wamelipata wapi? Sisi tunadhani hawakulipata kanisani. Walilipata shuleni.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule ziwe na mashamba na karakana ili mtoto asitoke darasani akilidharau jembe. Wazo lilikuwa zuri. Lakini kila aliyesoma shule zetu anajua jembe lilivyotumika. Aliyechelewa namba alikata nyasi. Aliyeongea lugha ya nyumbani alichota maji. Aliyefeli hesabu alilima bustani ya mwalimu. Aliyefaulu alikaa kivulini na kitabu. Miaka saba mtoto anaambiwa kwa maneno kwamba kazi ni heshima, na anaonyeshwa kwa vitendo kwamba kazi ni fimbo nyingine. Kisha akikua akachukia kibarua tunashangaa, tunasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Hata katika nyumba za malezi adhabu ya kufyeka si jambo geni, na hapa tunawaomba walezi wote, kwa unyenyekevu, watafute adhabu nyingine. Kufyeka kubaki kufyeka.

Katika maongezi yetu Papa Yohane Paulo II alirudi mara nyingi, na si kwa sababu ya mtihani. Kabla hajawa padre, Karol Wojtyła alivunja mawe katika machimbo ya Zakrzówek jijini Kraków, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kemikali cha Solvay, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Mtu aliyewahi kubeba ndoo za chokaa haandiki kuhusu kazi kama mtu aliyesoma kuhusu ndoo. Waraka wake Laborem Exercens ulikusudiwa kutoka tarehe 15 Mei 1981, miaka 90 kamili baada ya Rerum Novarum ya Papa Leo XIII. Siku mbili kabla, alipigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Waraka ukangoja apone, ukatoka tarehe 14 Septemba.

Katika waraka huo anatenganisha kile kinachofanywa na yule anayekifanya. Kola ya gauni ni kitu kimoja, fundi ni mwingine, na heshima ya kazi inatoka kwa fundi. Kwa hiyo hakuna kazi ya chini kwa sababu ya vumbi lake. Hilo tunalihubiri vizuri. Lakini waraka huo huo unasema pia kwamba ujira wa haki ndicho kipimo cha kujua kama mfumo mzima wa uchumi una haki. Hilo tunalihubiri kwa sauti ya chini. Kumbe mama wa chai, ambaye hajausoma waraka wowote, alitaja kipimo hicho hicho: mizani.

Mwenzetu mmoja, mpole na mtu wa sala, alimtetea Bruda Lawrence wa Ufufuko, yule Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Bruda huyo aliwekwa jikoni, na kwa asili yake hakuipenda kabisa kazi ya jikoni. Alikaa humo takriban miaka 15, akifanya kila jambo kwa upendo wa Mungu, hata masufuria yakawa kwake mahali pa sala kuliko kikanisani. Baadaye alihamishiwa kwenye kutengeneza makubazi, kazi aliyoifurahia, na bado alisema yuko tayari kuiacha wakati wowote. Basi, alisema mwenzetu, furaha haitoki kwenye kazi, inatoka kwenye moyo.

Tulibishana naye usiku huo mpaka kengele ya ukimya. Hoja yetu ilikuwa hii: Bruda Lawrence alikula alichopika. Alipougua mguu alihudumiwa na ndugu zake. Hakuwa na kodi ya chumba wala mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Ni mwalimu mkubwa wa sala, na kila mmoja wetu anapaswa kumsikiliza, hasa zamu ya vyombo inapofika. Lakini si haki kumtuma Bruda Lawrence shambani kwenda kumnyamazisha mchuma chai. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, hawaambii vibarua waliodhulumiwa wafurahi. Anasema ujira wao uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana.

Hapo mwingine akaleta Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na tunadhani ndiye aliyetusogeza mbele. Benedikto anataka ndugu wote wahudumiane jikoni kwa zamu, na vyombo vya kazi vitunzwe kama vyombo vya altare. (Tulilitazama jembe la seminari lenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, tukanyamaza.) Lakini katika sura ya 35, akizungumzia ndugu walioko zamu, anaagiza wapewe kipande cha mkate na kinywaji kabla ya wengine kula, zaidi ya posho yao ya kawaida, ili wahudumu bila kunung'unika na bila kuelemewa. Mtakatifu aliyechukia manung'uniko kuliko karibu kila kitu hakuanza kwa kuwahubiria wapishi wake. Alianza kwa mkate.

Tukilisema hilo la mkate, macho yanageuka yenyewe kutazama nyumbani kwetu, na hapa tungependa kukaa kidogo.

Katika parokia mojawapo, ambayo hatutaitaja, mpishi wa nyumba ya mapadre amepika miaka zaidi ya kumi. Anajua padre yupi hali maharage na yupi ana sukari. Mshahara wake unatoka "sadaka ikiruhusu". Mlinzi wa hapo hajaandikishwa katika mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, na ana miaka inayokaribia kustaafu, kama mtu wa namna yake anastaafu. Kisha yupo katekista. Anatembea kigango hadi kigango, anaandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, anaongoza ibada ya Neno Jumapili padre asipofika, anazika. Anapewa posho ambayo haifiki nauli.

Ukimuuliza katekista kama anaifurahia kazi yake, uso wake unang'aa. Hadanganyi. Mmoja alimwambia mwenzetu kwamba akipita sokoni na vijana wazima wenye ndevu wakamwita "mwalimu", anasahau njaa. Pengine kati ya watu wote tuliowauliza, makatekista ndio walioifurahia kazi yao kuliko wengine. Na hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa anafurahi, hakuna anayehangaika. Kamati inakaa, bajeti ya mnara inapita, ya spika inapita, na jina la katekista likifika mtu anasema, "Huyo anafanya kwa wito." Furaha yake imegeuzwa kuwa mshahara wake. Tunaowalipa ni wale wanaonuna, fundi umeme na dereva wa lori la mchanga, kwa sababu wasipolipwa hawaji.

Tunalisema hili tukijua kwamba baadhi yetu, Mungu akipenda, tutakuwa maparoko na tutakalia viti hivyo vya kamati. Tunaliandika ili waamini watukumbushe.

Je, sisi wenyewe tutaifurahia kazi ya upadre? Hilo lilikuwa swali la chini ya swali, na kila mmoja alilizunguka kabla ya kulitamka. Katika malezi tunasikia zaidi habari za msalaba kuliko za raha, na ipo hofu kwamba anayetafuta kufurahi hana wito. Tulimwendea padre mzee anayepumzika karibu na seminari, tukampa shikamoo, tukamuuliza wazi wazi. Hakujibu kwa teolojia. Alisema anapenda maungamo ya Jumamosi jioni, anapenda kuwatembelea wagonjwa kwa miguu, na kwa miaka yote ya upadre wake hajawahi kupenda vikao vya ujenzi hata kimoja. "Nilijenga makanisa manne," alisema. "Yote nilijenga nikiwa nimenuna." Kisha akaomba tumsomee gazeti, maana macho yake hayaoni vizuri, nasi tukamsomea mpaka ukurasa wa michezo.

Jibu lake lilitutuliza kuliko mafungo. Mtu anaweza kuwa padre mwema na bado akaipenda nusu tu ya kazi yake, kama muuguzi na madaftari yake.

Sasa yule kijana. Mwenzetu alikwenda dukani siku ya kazi, akakaa juu ya rundo la nondo, akatazama. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Lori likifika ni mifuko mamia, na wabebaji ni wawili. Kijana anaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 1 jioni, siku sita. Hana mkataba wa maandishi, hajawahi kupata likizo. Anachokipenda ni kutengeneza redio, na hufanya hivyo Jumapili mchana chini ya mwembe, kwa wateja wasiolipa kwa wakati. Mwenzetu alipoona hayo alimjibu: kuchukia kubeba mifuko ya saruji si dhambi. Hisia si dhambi. Angeiba mfuko, au angempiga mwenzake kwa hasira, hapo wangezungumza vingine. Kisha akamuuliza kama anajua sheria inasema nini.

Hakujua, na mwenzetu naye ilibidi akasome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, inadai saa za ziada zilipwe kwa kiwango cha juu zaidi, na inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kijana alihesabu kwa vidole, saa 12 mara sita. Hata ukitoa saa ya chakula kila siku, akasema polepole, "Frateri, hapa kuna wiki moja na nusu." VIWAWA wakakubaliana kwamba kikao kinachofuata wasijadili sare za Pasaka, wasome sheria hiyo. Walikuja vijana wengi kuliko kawaida, na wawili hawakuwa Wakatoliki.

Kumkabili tajiri si jambo jepesi, kwa sababu nje ya geti la duka kuna vijana kumi wanaosubiri nafasi hiyo hiyo. Paroko alikubali kwenda naye, si kama wakili bali kama jirani, maana tajiri ni muumini wa parokia na mchangiaji mzuri, jambo ambalo lilifanya safari hiyo iwe nzito zaidi kwa paroko, na tunamshukuru kwa kuifanya. Mazungumzo yalikuwa marefu na chai ilikuwa nzuri. Hadi tunaandika haya mkataba bado haujaandikwa. Saa za ziada "zinafikiriwa". Lakini Jumamosi kijana anaruhusiwa kutoka saa 9 alasiri, na kwa mujibu wa mwalimu wa kwaya sasa anawahi mazoezi, ameketi safu ya besi akiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi.